Tuisifu Tranziti

Tranziti ina maadui wengi na watetezi wachache. Wenye maneno husema ni adhabu ya wenye nauli ndogo. Wakimwona baba kajilaza juu ya mabegi saa tisa usiku katika uwanja wa ndege wa watu, mtoto mmoja kifuani, mwingine anachora sakafu kwa juisi ya embe, hutikisa kichwa: angeongeza pesa kidogo, si angekuwa keshafika? Hayo ni maneno ya mtu asiyejua jema. Kufika, hata sanduku hufika, ingawa siku nyingine nalo hupitiliza.

Nianze na nasaba, maana kitu cha heshima huulizwa kwao wapi. Mwaka 1937, ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Southampton kwenda Durban zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Naam, Lindi. Abiria walishuka, wakanyoosha miguu, usiku wakalala vitandani, na safari ikala siku kadhaa bila mtu kuona aibu. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya jeti ilipobeba abiria wa kulipa kwa mara ya kwanza, ile Comet ya London hadi Johannesburg, nayo ilipumzika Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika baada ya saa 24 kasoro. Kwa hiyo mama anayetoka Dar kwenda London kwa kupitia Doha, na watoto watatu na begi la nepi, hajapotoka. Ameshika mila. Mzushi ni huyo wa ndege ya moja kwa moja.

Naye tumtazame vizuri. Nairobi wanaye: mwezi Oktoba 2018 Kenya Airways walianza kuruka hadi New York bila kutua, saa 15 hivi. Singapore hadi New York ni zaidi ya saa 18. Sikatai, ni ufundi mkubwa. Lakini muulize aliyekaa humo na mtoto wa miaka miwili. Saa ya kwanza mtoto anashangaa vitufe. Ya pili amevibonyeza vyote, na mhudumu ameshakuja mara nne kuuliza mnahitaji nini. Ya tatu anasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyekata shauri, “Mama, twende nyumbani.” Zimebaki 12. Mlango upo, haufunguki. Hata vitisho vya kawaida vya mzazi havifanyi kazi humo: huwezi kumwambia nitakuacha hapa, wala subiri tufike nyumbani, maana nyumbani ni kesho.

Mashabiki wa moja kwa moja watakutajia kile kitanda kidogo cha kutundika ukutani, mbele ya viti vya safu ya kwanza. Ni kizuri. Mtoto wa kilo kumi hivi analala humo kama mtoto wa mfalme, wazazi wanatazamana, mmoja anathubutu kufungua chakula chake. Hapo rubani anakutana na hewa mbaya, taa ya mkanda inawaka, na sharti la ndege ni mtoto atolewe kitandani afungwe mapajani. Anatolewa. Anaamka. Taa inazimika. Katika safari ya saa 15 tamthilia hii inachezwa mpaka waigizaji wote wamekariri. Tranziti, kwa huruma yake, huikata katikati na kuwatoa watazamaji nje wakapunge hewa.

Tena tusidanganyane kuhusu hilo neno kuchagua. Wa Nairobi anaweza kuchagua. Sisi wa Dar, Mwanza na Unguja tunaokwenda kwa shangazi Minneapolis, kutuuliza kama tunataka ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha ni sawa na kumuuliza mtu anataka wali wa nazi au wa mafuta wakati mchele haujanunuliwa. Tunachochagua sisi ni mji wa kuchokea. Na kwa kuwa ni lazima tuchoke, naona bora tuchoke kwa kusifu.

Basi tuanze na Addis Ababa, mji ambao haukusumbui hata kwa saa. Wenyewe huanza kuhesabu saa alfajiri, kama sisi, kwa hiyo mwuza kahawa wa uwanja wa Bole akikwambia ni saa mbili asubuhi, ni saa mbili ile ile ya mama yako. (Vioo vya uwanjani haviko hivyo, vinasema 08:00 kama vya wengine wote, usije ukaachwa.) Addis, Doha na Istanbul zote zinafuata majira yetu ya Afrika Mashariki, saa kwa saa. Tumbo la mtoto halijui kwamba limeondoka: uji wa saa moja linaudai saa moja, na usingizi wa saa mbili usiku unakuja saa mbili, langoni, kwenye foleni, popote ulipo. Mateso ya kubadilisha majira yanangoja ndege ya pili. Huko ndiko kuletewa tabu kwa awamu, jambo ambalo mabenki hutuuzia kwa riba.

Addis ina fadhila nyingine ambayo haitangazwi. Mji umekaa mwinuko wa mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya kuvuka Atlantiki hupata tabu kunyanyuka. Ndiyo maana safari za kutoka pale kwenda Washington zimezoea kutua njiani kunywa mafuta, miaka mingine Dublin, miaka mingine Lomé. Kurudi, kwa kuwa Washington iko chini, ndege haihitaji kutua. Kwa hiyo yupo msafiri aliyekata tiketi ya kuunganisha mara moja akazawadiwa kituo cha ziada bila kuongeza senti, akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake, anatazama lori la mafuta kupitia dirisha dogo, na mtoto anamuuliza kama hapa ndiyo Amerika. Moja kwa moja haina ukarimu wa namna hiyo.

Doha ni madrasa ya anasa. Katikati ya uwanja wa Hamad ameketi dubu wa manjano, kazi ya msanii Urs Fischer, urefu wa mita saba hivi, na taa inamtoka kichwani. Wazazi wote wa dunia hupeana miadi chini yake na watoto wote wa dunia hupotea karibu yake. Tena kuna treni inayopita ndani kwa ndani, juu ya vichwa vya wanunuzi wa manukato, bure. Nimeona familia zikiipanda kwenda na kurudi mpaka mama akajua sauti ya matangazo kwa moyo. Saa sita za kungoja zilitoweka hivyo, na watoto wakaingia ndege ya pili wamelegea kabisa, wamelala kabla taa ya mkanda haijawaka. Hiyo ndiyo siri ya tranziti ndefu ambayo wakata tiketi hawaisemi: mtoto huchoshwa kwa miguu yake mwenyewe, wala si kwa dawa.

Na masomo yake! Tangu mwaka 2006, katika viwanja vingi, vimiminika vya begi la mkononi vimewekewa kikomo cha mililita 100, na mwenye kuunganisha husomeshwa sheria hiyo mara mbili. Maziwa ya mtoto yanasamehewa, ila yakaguliwe. Mdoli hasamehewi. Binti yangu aliwahi kuambiwa amlaze wake kwenye trei la kijivu, kati ya mkanda wa suruali wa bwana mmoja na viatu vya mwingine. Akamfunika kanga yake, akamwambia asiogope, kisha akapita mbio chini ya ule mlango wa kukagulia kwenda kumpokea upande wa pili. Mdoli akatoka kichwa kwanza. Mtoto akamuuliza askari, kwa Kiswahili safi, wameona nini ndani. Askari hakuelewa neno hata moja, lakini alimtazama mdoli, akamtazama mtoto, akagonga kifua chake mara mbili kuonyesha moyo. Foleni nyuma yetu ilikuwa inanung'unika. Iendelee kunung'unika. Mwenye ndege ya moja kwa moja mdoli wake amepimwa Nairobi tu, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Masikio nayo. Hewa ya ndani ya ndege inapobadilika mgandamizo wakati wa kushuka, mtoto huumwa masikio kwa sababu hajui kuyazibua. Dawa ni kunyonya au kumeza kitu. Ndege mbili, kushuka mara mbili, vilio viwili: na mtoto anayejua kulia pamoja na wenzake arobaini ameshajifunza uraia.

Lakini tranziti ina heshima zake na haipendi kubanwa. Kuna watu wanakata tiketi mbili mbalimbali, shirika hili na lile, kwa kuokoa dola chache, kisha wanaacha dakika 50 katikati, na kigari cha mtoto kinashushwa mwisho. Hao hawasafiri, wanacheza kamari na pampasi. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili, ni kazi yako, na ya Mungu. Mpe tranziti saa tatu, nne, naye atakutunza. Mpe dakika 50, utamwona bibi wa watu anakimbia na viatu mkononi.

Zawadi yake ya mwisho huitoa Marekani kwenyewe. Ukiingilia Chicago kabla ya kuunganisha kwenda kwa shangazi, sheria inakutaka uchukue mizigo yote pale pale kwenye mji wa kwanza, uivushe forodhani, uikabidhi tena, kisha ukaguliwe upya, mdoli na vyote. Yaani hata baada ya kufika hujafika. Nani mwingine angekupa nafasi ya kuinua sanduku lile lile mara mbili, huku dada mkubwa anashika pasi na mdogo kalala begani anadondosha udenda kwenye shati uliloliweka maalumu la kuonekania?

Shangazi hakuona shati. Aliwapokea watoto, akawalisha pilau, akamuuliza mdogo ameionaje Amerika. Akamjibu kwamba ni nzuri sana, treni yao inapita ndani ya nyumba, na wana dubu mkubwa anayewaka kichwa.