Namna ya Kuuza Ng'ambo Bila Kutoka Kiwandani

Ndugu mwenye kiwanda, umechoka kumuuzia mzigo dalali wa jumla, naye anabandika nembo yake juu ya jasho lako. Wenzako wa Shenzhen, China, walichoka zamani, wakaenda kwa mteja moja kwa moja kupitia mtandao. Wafuate, lakini usiruke hatua.

1. Anza na matusi. Fungua ukurasa wa mshindani wako kwenye Amazon, achana na sifa, soma maoni ya nyota moja hadi macho yaume. Waya umekatika shingoni, betri inachemka, kifuniko hakifungi: hapo wateja wanakuchorea bidhaa bora bila kukudai senti. Steven Yang, mhandisi aliyetoka Google, alianzisha Anker mwaka 2011 kwa kuuza betri za kompyuta mpakato. Kampuni hiyo ilikua kwa kuyasikiliza maoni hayo na kurekebisha, na mwaka 2020 ikaingia soko la hisa la Shenzhen.

2. Heshimu ukuta wa mwenye nyumba. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Ulaya 230, na plagi ya Uingereza ina pini tatu nene. Blenda isiyoingia kwenye soketi ni pambo la jikoni, na hakuna anayelipia pambo bei ya blenda.

3. Usinunue nyota. Kile kikadi unachotaka kukichomeka ndani ya boksi, "tupe nyota tano tukutumie zawadi", kina uwezo wa kukufungia kiwanda. Mwaka 2021 Amazon ilizipiga marufuku chapa zaidi ya 600 za Kichina, zenye akaunti zipatazo 3,000, kwa sababu ya michezo ya namna hiyo. Kizuri chajiuza; kibaya hata ukikipamba kitakuumbua.

4. Weka kodi kwenye bei. Tangu 2016 Marekani ilipokea bila ushuru vifurushi visivyozidi dola 800, na wengi wakajenga biashara nzima juu ya msamaha huo. Mei 2025 ukafutwa kwa mizigo ya China na Hong Kong. Agosti ukafutwa kwa nchi zote. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2021, unatoza VAT hata kwa kifurushi cha bei ya chini. Kama bidhaa yako haiuziki ikishalipiwa kodi, bado haijawa tayari kusafiri.

5. Mpokee vizuri anayerudisha. Kodi ghala karibu naye, mjibu siku hiyohiyo, gharama ya kurudisha iwe imo kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Mteja huyu hajawahi kukuona wala hatakuona; uaminifu wako anaupima siku bidhaa imeharibika. Mrudishie fedha zake kwanza, kisha mwite fundi wako aifungue ile bidhaa mbele yako, mjue ilikofia.