Wakili Msomi, Kabla Hujachukua Fomu

Kwanza hongera. Mtu hagombei urais wa Chama cha Mawakili Tanganyika kwa njaa. Mwenye njaa hubaki ofisini akigonga muhuri hati za viapo. Fahamu tu kwamba ukishachukua fomu, kila utakachosema kitapewa tafsiri ya pili. Ukitaka mikataba ya serikali iwekwe wazi, hiyo ni siasa. Ukinyamaza, umenunuliwa. Ukiulizia ankara ya ukumbi wa mkutano mkuu, hiyo nayo ni siasa, ila ya ndani.

Usiwategemee wasomi wenzako walioko serikalini. Mapema 2017 waziri wa sheria, mwenye udaktari wa fani hiyohiyo, alitishia kukifuta chama kikijiingiza kwenye siasa. Mwezi Machi mawakili wakaenda Arusha wakamchagua Tundu Lissu. Septemba akamiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, na hapo mwongozo huu hauna ushauri wa kutoa.

Chunga kalamu pia. Fatma Karume, aliyempokea Lissu kijiti, alisimamishwa uwakili Tanzania Bara Septemba 2019 kwa aliyoyaandika kwenye hoja za maandishi, nyaraka ambazo mawakili wengi huzisoma usiku wa kuamkia shauri, tena juujuu. Mwaka uliofuata Kamati ya Mawakili ikamfuta kwenye orodha, naye akawa mrufani. Kuwa mjukuu wa Rais wa kwanza wa Zanzibar hakukumsaidia kitu.

Hili chuoni hawalifundishi: ukipanda ngazi hii, unahamia upande wa mteja. Basi anza mazoezi mapema. Kaa benchi la nyuma, sikiliza "upelelezi haujakamilika" mara ya nne, na usisimame. Ni kazi ngumu. Lissu, aliyeshtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, alivumilia hadi Juni, kisha akawaondoa mawakili wake akajitetea mwenyewe. Martha Karua, wakili na waziri wa zamani wa sheria Kenya, alikuja Mei kufuatilia kesi hiyo. Akaishia uwanja wa ndege Dar es Salaam na kurudishwa kwao. Pingamizi la awali dhidi ya afisa uhamiaji hulipeleki popote.

Wapo waliofika. Willy Mutunga aliwekwa kizuizini 1982, akaongoza Chama cha Mawakili Kenya miaka ya tisini, na 2011 akaapishwa Jaji Mkuu. Alipoulizwa kuhusu hereni yake kwenye usaili, alisema haivui kwa ajili ya cheo. Mfano mzuri, lakini piga hesabu: kutoka kizuizini hadi kwenye kiti ni miaka 29, na kodi ya ofisi haisubiri.

Mafaili ya wateja mkabidhi mwenzako, kwa maandishi. Ada ya leseni ya mwaka ilipe mapema. Sababu nyingine za kukuzuia usisimame mahakamani watazitafuta wenyewe.