Mwongozo wa Baba Asiyejua Kuimba

Ndugu yangu, mtoto ameshazaliwa, wageni wanamiminika na mama mkwe hakubandui macho. Sauti yako tunaijua. Kwaya ya kanisani walikuomba ubebe vitabu tu. Usihofu, njia ipo.

Kwanza, kubali kwamba umechelewa. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na sauti inayomfikia zaidi huko kuliko zote ni ya mama. Mwaka 1980, Marekani, watafiti Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa vichanga wasiotimiza siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kanda. Wakinyonya kwa mwendo fulani wanamsikia mama yao; wakibadili, wanamsikia mama wa mwenzao. Basi wakajifunza kunyonya ule mwendo unaomleta mama. Miaka minne baadaye ikajaribiwa sauti ya baba. Vichanga hawakuonyesha kuipenda kuliko ya mwanamume mwingine yeyote. Aya hii mama mkwe asiione.

Pili, acha sauti ya kikaoni. Ipandishe, ivute, irudierudie: “Nani huyuuu? Nani kaamka?” Mwaka 1985 mtafiti Anne Fernald alionyesha kwamba watoto wa miezi minne hugeukia maongezi ya namna hii mara nyingi zaidi kuliko maongezi ya watu wazima. Utaona aibu. Funga mlango.

Tatu, imba. Naam, wewe. Maneno si hoja: mwaka 2015, watafiti wa Montreal walieleza jinsi walivyowasikilizisha watoto wasiotimiza mwaka mmoja nyimbo za Kituruki, lugha ambayo nyumbani kwao haizungumzwi. Walikaa watulivu kwa wastani wa dakika tisa hivi kabla ya kuanza kulalamika. Kwa maongezi, dakika kama nne tu. Kwa hiyo imba chochote ulichonacho kichwani: matokeo ya Simba na Yanga, deni la dukani, bei ya umeme. Rudia kiitikio, maana beti huna. Dakika tisa zinatosha kumaliza sahani ya wali. Kipindi cha kwanza cha mpira, sahau.

Nne, simu weka chini. Hapa hakuna ujanja, nimeutafuta. Katika miaka ya 1970, mtafiti Edward Tronick aliwaomba akina mama wamtazame mtoto kwa uso uliokauka, bila neno wala tabasamu. Mtoto hucheka, hujaribu kumvuta mama yake kwa kila mbinu, kisha hununa na kugeukia pembeni. Ukiimba huku unasoma meseji, uso wako ndio huo, na atakuumbua mbele ya wageni.

Mwisho, chunga saa. Dakika ya saba, angali anatabasamu, mkabidhi bibi yake. Sema, “Huyu kanizoea mno,” kisha toka ukapunge upepo. Kilio kikianza, kitamkuta bibi.