Namna ya Kukifundisha Chuma Kupumua

Ramani ya injini yako ya valvu ya kuzunguka imefika. Umeilipia, umeikunjua mezani, na tayari mkono unakuwasha kuiendea mashine ya kukereza. Tulia, fundi. Ulichonunua ni ramani. Injini utaizaa mwenyewe, na uchungu hauna njia ya mkato. Shika hatua hizi sita.

1. Hakikisha ni valvu unayoiweza. Valvu ya kuzunguka haina springi wala kigongeo. Ni tundu tu linalozunguka: likikutana na mlango injini inavuta hewa, likipita mlango umefungwa. Katika miaka ya 1930, Mwingereza Frank Aspin aliiweka kichwani mwa silinda, ikiwa na umbo la pia, ikizunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki. Kule juu valvu inaota moto wa mlipuko. Ukiilegeza inavuja, ukiibana inatanuka na kukwama. Wewe anza na injini ndogo ya mipigo miwili ambayo krenki yenyewe ndiyo valvu: shafti ina uwazi ndani kama mwanzi, na ubavuni ina dirisha. Humo hupita hewa na mafuta yasiyowaka bado, kwa hiyo shafti haiungui. Anayeanza hapati rehema kubwa kuliko hiyo.

2. Isome ramani kama hati ya shamba la urithi. Usiweke rula juu ya mchoro. Nakala ya fotokopi hurefuka au kusinyaa. Fuata namba zilizoandikwa. Edgar Westbury, aliyechora injini nyingi ndogo katika jarida la Model Engineer, lililoanzishwa London mwaka 1898, alitumia inchi. Zidisha kila kipimo kwa 25.4 upate milimita, na ukiandike upya kabla hujagusa chuma.

3. Ujue itazunguka upande gani. Michoro mingi ya zamani ya Uingereza huweka sura ya kushoto ya kitu upande wa kulia wa karatasi. Ya Marekani huiweka kushoto. Ukizichanganya, dirisha litahamia ubavu wa pili, kama sura kwenye kioo. Mimi nililikata hivyo usiku mmoja nikiwa nimechoka. Injini iliwaka vizuri, lakini pangaboi likasukuma hewa mbele badala ya nyuma. Shafti niliyoihangaikia wiki tatu ikaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na niliumia. Kwa hiyo chora mshale wa mwelekeo kwa wino kwenye shafti yenyewe, usiutegemee ule wa kichwani.

4. Kata karatasi kabla ya kukata chuma. Shafti yenye kipenyo cha milimita 10 ina mzingo wa milimita 31.4. Maana yake, kosa la milimita 1 tu ni zaidi ya digrii 11 za mzunguko. Katika injini nyingi za aina hii, dirisha hufunguka digrii 45 hivi baada ya pistoni kufika chini kabisa, na kufungwa digrii 45 hivi baada ya kufika juu kabisa. Chora dirisha kwenye utepe wa karatasi wa urefu huo wa mzingo, uuvishe kwenye shafti, uzungushe kwa mkono. Ukiridhika, kata dirisha dogo kuliko la ramani, kisha ulipanue kwa tupa. Chuma hupunguzwa, hakirudishwi. Pembe zake zifanye mviringo, maana kwenye pembe kali ndiko ufa huanzia.

5. Pima kwa shavu. Bana duara la kadibodi lenye digrii mbele ya shafti. Chomeka mpira mwembamba kwenye tundu la kuvutia hewa, puliza taratibu huku unazungusha. Mashavu yaliyojaa yakilegea ghafla, dirisha limefunguka: soma digrii. Yakijaa tena, limefungwa: soma tena. Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana, ni wewe uliyezungusha kwa pupa.

6. Inyweshe, kisha uiwashe. Injini inayowaka kwa mgandamizo hunywa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, kwa viasi vinavyokaribiana. Etha hushika moto upesi na mvuke wake hutambaa sakafuni, basi changanyia nje, mbali na jiko. Usiyapunguze mafuta ya nyonyo: ndiyo yanayoziba ile nafasi ndogo kati ya shafti na bushi, nyembamba kuliko unywele, ambayo hakuna kifaa chako kitakachoiziba.

Ikishawaka, iache iunguze tangi moja, izime, ipoe, kisha uizungushe tena kwa kidole usikilize inavyovuta. Halafu chukua kalamu. Pembeni mwa ramani andika digrii ulizozipata wewe kwa shavu lako, na tarehe. Ndipo uikunje uirudishe kwenye bahasha. Atakayeifungua baada yako atazitafuta hizo kwanza.