Pika Basi Hayo Maji

Rais Jimmy Carter alitia saini sheria mwaka 1978, na tangu 1979 sheria hiyo ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mtu kujipikia bia kwake: galoni 200 kwa mwaka, yaani lita 757 hivi, kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Uhuru wote huo, na waungwana wanaufanyia nini? Wanaiga bia inayouzwa kituo cha mafuta mtaa wa pili.

Wakiiga Guinness, sawa; shayiri iliyokaangwa ikawa nyeusi husitiri aibu nyingi. Utamu uko kwa Budweiser, ile wanayoiita maji kila wakikutana. Haya, bwana, pika basi hayo maji! Kimea, mchele, hopsi za kunusishwa tu, hamira. Kisha friji la peke yake (mama watoto ameshauliza limetoka wapi), maana Budweiser ni laga, na hamira ya laga hutaka baridi ya nyuzi 10 hivi, halafu bia ilazwe wiki kadhaa karibu na sifuri. Ukiharakisha, inanuka siagi. Ukichemsha kivivu, sufuria umeifunika, inanuka mahindi ya kuchemsha. Na bia yenyewe nyeupe hivyo, haina rangi wala uchungu wa kujifichia.

Siku ikikubali, jirani huonja, hukuna kidevu, husema: "Mbona kama ile ya dukani?" Mwenye bia hufurahi nusura alie. Bei ya friji haiulizwi siku hiyo.