Shajara ya Katibu wa Mwani

Jumamosi
Laptopu ya kikundi imezimika saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya safu ya kilo za mwani wa kotonii. Haikuaga. Nimeishika chini kuikagua, mkono ukajitoa wenyewe. Masika yameanza, nje mvua, ndani joto. Mnunuzi anakuja wiki ijayo na anataka orodha ya wakulima iliyopigwa chapa. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti, ameagiza iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa laptopu imetoa udhuru.

Ameongeza kwamba mwani ulipoanza kulimwa kibiashara kule Paje na Jambiani mwaka 1989, ukaja kutufikia na sisi Pemba, hesabu zote zilikuwa kwenye daftari, na daftari halizimiki. Nimemkumbusha daftari lililoliwa na mchwa. Amesema hilo ni jambo jingine.

Jumapili
Nimeweka programu ya kupima joto. Nyuzi 97, na hapo nimefungua jedwali moja tu. Nimesoma kuwa prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 hivi. Ikikaribia hapo hujipunguzia mwendo, na joto likizidi huzima kila kitu kabla haijaungua. Kwa hiyo kuzimika si ubovu, ni kujihami.

Nimemweleza Shangazi. Amesema kotonii nayo maji yakipata moto hupauka, ikalainika, ikakatika kambani, ila yenyewe haiwashiki tena. Ndiyo yenye bei. Spinosamu inastahimili zaidi, na bei yake ni ya kustahimili vilevile.

Jumatatu
Mjomba amekuja na kusema tatizo ni umeme. Tangu ulipoanza kuja Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mwaka 2010, kila kinachoharibika nyumbani kwake kimeharibiwa na Tanga. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta, na lawama ilikuwa ya dizeli. Nimechomoa chaja, nikafanya kazi kwa betri. Imezimika tena, safari hii bila msaada wa Tanga.

Nimekwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi laptopu ilikuwa ndani ya friza, baina ya vifuko vya juisi ya ukwaju. Ilipotolewa ikatoka jasho mwili mzima, maana hewa ya masika ina unyevu mwingi, na ikikuta kitu baridi hugeuka maji. Nimechomoa betri na kuilaza kifudifudi juu ya mkeka mpaka kesho. Mjomba anasema joto limeshuka. Hilo siwezi kulikanusha.

Jumanne
Imewaka. Bibi amekuja na kombe kwenye kikombe, akauliza mdomo uko wapi. Nimemjibu kuwa mdomo haina, ina tundu la hewa ubavuni. Ameweka kiganja pale, akatulia kidogo, akasema, "Mwanangu, hii haipumui." Kombe amelinywa mwenyewe.

Wengi wamesema mengi, lakini Bibi ndiye aliyegusa penyewe. Feni inanguruma na upepo hautoki. Nimeiinua laptopu nikaiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ipate hewa kwa chini. Imeshuka mpaka nyuzi 88 na nimeandika wakulima wote wa herufi A. Saa tano Shangazi ameitaka mbuzi yake. Leo kuna samaki wa kupaza. Herufi B imesubiri.

Jumatano
Mvua tangu alfajiri. Mwani uko chini ya turubai, haukauki, na mnunuzi hachukui mwani wenye maji. Nimerudi kutoka dukani nikakuta vipande vya kotonii vimepangwa juu ya kibodi, kwenye ukanda ulio chini ya kioo, ambako joto ni kali zaidi. Vilikuwa vikavu vizuri sana. Shangazi amesema ni sampuli.

Nimemweleza kuwa chumvi na kompyuta havipatani, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na unyevu hula shaba. Amenijibu kuwa yeye ameingia baharini kila bamvua miaka yote hii na hajaliwa.

Alhamisi
Nimepanda gari kwenda Wete kwa fundi, laptopu imefungwa ndani ya kanga. Fundi amefungua skrubu akazipanga kwenye karatasi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Baina ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na kitu kimeshikana kama kipande cha zulia. Amekichomoa kwa kibano, kizima, akakiweka mezani tukakitazama pamoja. Ametaja vilivyomo: sufi ya mto, nywele za paka, vumbi jeupe la mawe. La mwisho hakuniuliza limetoka wapi, alishajua natoka Micheweni.

Amechomeka kijiti cha meno kwenye mabawa ya feni ili isizunguke ovyo wakati anaipuliza. Pesti ya juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inapukutika. Ameifuta kwa spiriti, akatia mpya kiasi cha punje ya mchele. Chini ya kibodi amekuta kipande cha kotonii. Ameuliza kama ni changu. Nimesema ni mali ya kikundi. Amenifungia kwenye karatasi.

Ijumaa
Nyuzi 61. Upepo unatoka ubavuni mpaka unapeperusha risiti. Orodha imekamilika kabla ya adhana ya Ijumaa, herufi zote.

Alasiri Shangazi amepanga tena sampuli zake juu ya kibodi, nami nimeziondoa, naye amezirudisha. Magharibi zilikuwa mbichi vilevile. Amewasilisha malalamiko rasmi kwamba mashine ilikwenda Wete nzima ikarudi mbovu, na ametaka nimuulize fundi ile sufi anairudisha kwa shilingi ngapi.

Jumamosi
Mnunuzi amekuja kabla ya mvua. Orodha ameipitia ukurasa kwa ukurasa, akaisifu. Kisha akachota mwani chini ya turubai, akaubana kiganjani, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Amesema tuuanike, atarudi.

Shangazi hakuitazama mvua. Amenitazama mimi.