Mgeni wa Mwenzako

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni mali ya umma. Mke wangu anawekea mahesabu ya kikoba, kijana wa kidato cha tatu anapakulia muziki, na shemeji, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi, anachapia barua za kuomba kazi. Kirusi kilipoingia kila mtu alidhani ni mgeni wa mwenzake.

Kilijitokeza kwenye flashi ya kikoba. Mafolda yote yamegeuka shotikati, kila moja na kamshale kake pembeni na uzito wa kilobaiti mbili. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na ujanja uko hapo hapo: folda halisi imefichwa tu, na wewe kwa mkono wako umewasha skripti itakayojinakili kwenye kila flashi itakayochomekwa. Mke wangu hakutaka somo. Alitaka michango ya watu.

Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, mafolda yakarudi. Nikazima skripti, nikafuta faili lake kwenye folda ya Startup. Nyumba nzima ikaniangalia kwa heshima nisiyoizoea. Jioni shemeji akarudi kutoka steshenari kuprinti CV, akachomeka flashi yake, na shotikati zote zikarudi kazini.

Akaitwa fundi. Akanywa chai, akatupia skrini jicho moja: “Hapa bosi tupige Windows tu.” Mafundi wetu ndivyo walivyo. Kompyuta nzito, piga Windows. Kibodi imemwagikiwa uji, piga Windows. Na lile swali la “kuna kitu cha muhimu humu?” huulizwa disk ikishafutwa. Picha za ubatizo tulizikuta kwa bibi, kwenye albamu.

Zamani hata virusi vilikuwa na adabu. Ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walioandika kirusi cha Brain mwaka 1986, waliweka humo majina yao, anwani na namba ya simu. Cha kwetu hakikuacha hata salamu, sembuse namba ya kudai gharama za fundi.

Wenye steshenari, tafadhali skanini hizo mashine zenu. Nasi wateja tutume CV kwa baruapepe, flashi zibaki nyumbani. Ya shemeji nimeifungia kabatini, na ufunguo anao mweka hazina wa kikoba.